Tundu la maji limeziba: upulize, uchokoe, uzame au upweleze?

Anayetoa habari kwanza ni eksozi. Injini ya ndani ya boti inayopata maji yake ya bahari ya kupozea hutema nyuma kwa mapigo, moshi na maji, moshi na maji. Maji yakikatika, mlio hukauka kama wa mtu anayekohoa ndani ya pipa tupu, halafu hufuata mvuke mweupe. Mshale wa joto huja mwisho kabisa. Anayeungoja mshale ndipo ashtuke amechelewa, kwa sababu impela ya pampu, kile kigurudumu chenye mabawa kinachosukuma maji, ni mpira: inalainishwa na maji yale yale inayoyasukuma, na ikizunguka kavu kwa dakika moja au mbili mabawa yake huanza kuungua na kukatika.

Mimi yalinikuta mlangoni mwa ghuba ya Mikindani, mwezi wa Agosti, kusi linavuma na maji yanapwa kwa kasi. Tulikuwa watatu chomboni. Nilizima injini, tukafungua tanga la mbele, tukajivuta hadi penye kina cha kutia nanga. Hapo yakaanza mabishano. Mmoja alitaka kuzama akaangalie. Mwingine alikuwa ameshashika ufito, anataka kuchokoa kutoka ndani. Mimi nilisema tupulize kwa pampu ya upepo. Yule wa kuzama, kijana wetu, akatushinda kwa haraka yake: "Kaka, dakika mbili tu, nakwenda narudi." Akaruka. Mkondo ulimtoa ubavuni ukamfikisha nyuma ya usukani kabla hajavuta pumzi ya pili, na tulimrudisha kwa kamba tuliyomtupia. Tulipotulia tukapuliza, na kipande cha kiroba kikaibuka pembeni. Kazi yenyewe haikufika dakika tano.

Tangu siku hiyo nimezitumia njia zote nne katika maji ya Mtwara, Mikindani na Lindi, na msimamo wangu nitauweka wazi. Lakini hakuna njia hata moja itakayokufaa kama hujajua kwanza kizuizi kimekaa wapi.

Limeziba wapi hasa?

Maji ya bahari huingia kwa tundu lililo chini ya mstari wa maji, yakapita kwenye koki, kwenye bomba la mpira, kwenye chujio, kwenye pampu yenye impela, kwenye kipoza joto, kisha kwenye kiwiko cha eksozi na kutoka nje pamoja na moshi. Mtu akikuambia "tundu limeziba", huenda anasema juu ya mahali popote katika safari hiyo. Nimeona watu wakizama mara tatu kusugua tundu lililokuwa safi, kumbe chujio limejaa nyasi.

Kwa hiyo funga koki, fungua kifuniko cha chujio. Kama kuna uchafu, umepata jibu: safisha, pakaa oringi (pete ya mpira ya kifuniko) grisi kidogo, funga, jaribu. Kama chujio ni safi, chomoa bomba upande unaoingia kwenye chujio, literemshe mpaka mdomo wake uwe chini ya mstari wa maji, uweke ndani ya ndoo, ndipo ufungue koki. Injini nyingi ndogo za dizeli za boti za tanga zina tundu la milimita 19 hivi. Tundu la ukubwa huo, mdomo wa bomba ukiwa sentimita 30 chini ya mstari wa maji, linapaswa kujaza ndoo ya lita 10 kwa nusu dakika hivi. Ndoo ikijaa namna hiyo, acha kulilaumu tundu. Shida iko mbele, na wa kwanza kumshuku ni impela. Ukiikuta imepungukiwa mabawa, yatafute hayo mabawa mpaka uyapate, maana hukwama kwenye vibomba vyembamba vya kipoza joto na kuziba upya wiki mbili baadaye.

Ndoo ikichuruzikiwa tu, basi kizuizi kiko kati ya mkono wako na bahari, na njia zetu nne ndiyo kazi yao hiyo.

Kosa la kawaida katika kipimo hiki ni kulishika bomba juu ya mstari wa maji. Hapo hutaona kitu hata tundu likiwa safi, kwa sababu juu ya mstari huo maji hupandishwa na pampu.

Boti la tanga lina ugonjwa wake mwingine ambao dereva wa boti la injini tupu haujui. Chombo kikilala kwa upepo, tundu lililo upande wa joshi, yaani unakotoka upepo, huweza kuchomoza juu ya maji na kuvuta hewa. Dalili ni hizi: injini inapata joto ukielekea upande mmoja, ukigeuza tanga inapona, na ndani ya chujio kuna mapovu. Punguza tanga au punguza ulalo. Mapovu yakiendelea hata chombo kikiwa wima, kagua oringi ya chujio na klipu za bomba, maana pampu inayovuta hewa haiwezi kuvuta maji.

Kupuliza

Hii ndiyo njia yangu ya kwanza, na kwa asiye na fundi karibu ningependa iwe ya kwanza pia. Sababu yake ni hesabu ndogo. Mita 10 za kina zina nguvu ya baa 1 (baa ni kipimo cha msukumo). Tundu lililo nusu mita chini ya maji linazuiwa na nguvu ya baa 0.05 tu, kwa hiyo pampu ya mguu ya kujazia boti la mpira inashinda bila taabu. Ya baiskeli inafaa kwenye shida, ila upepo wake ni mchache na utachoka wewe kabla ya uchafu kuchoka.

Ukiwa na bomba lile lile ulilolichomoa kwa kipimo, funga koki, ingiza mdomo wa pampu, uzungushie kamba ya mpira wa tairi mpaka ukaze. Fungua koki, piga pampu. Mwanzoni mguu unahisi ubishi, kisha ghafla unalegea na unasikia mabubujiko chini ya sakafu. Funga koki kabla hujachomoa pampu, kisha rudia kipimo cha ndoo. Usiwashe injini kwa kuridhika na mabubujiko peke yake, kwani hewa hupenya mahali ambapo maji ya kutosha hayapiti.

Uzuri wake ni kwamba hutoki chomboni. Usiku, kwenye mkondo, kwenye wimbi, ukiwa peke yako, kazi ni ile ile. Na maji hayaingii ndani ila yale machache yaliyobaki kwenye bomba.

Ubaya wake ni miwili. Kwanza, ulichokitoa bado kipo hapo chini. Kiroba kinachoelea kitanyonywa tena dakika utakayowasha injini, kwa hiyo kiache chombo kisogee kwanza, au kikokote kwa tanga kidogo. Pili, upepo hauwezi kumng'oa chaza. Ukipuliza leo, maji yakarudi, kesho yakapungua, kesho kutwa yakapungua tena, hapo tundu limefanywa jembamba na vigamba vilivyoota ndani yake, na kila unyasi unaopita unanasa. Kupuliza mara ya nne hakutabadilisha kitu.

Neno moja kuhusu kompresa ya gereji, kwa sababu nimesikia watu wakiisifu. Ile hutoa baa 7 au 8. Bomba la mpira lililofungwa kwa klipu moja yenye kutu litafyatuka, na likifyatuka upande wa koki iliyo wazi umejifungulia bahari. Mtungi wa mzamiaji usio na kipunguza nguvu una hatari hiyo hiyo, tena kubwa zaidi. Mguu wako unatosha.

Kuchokoa

Njia hii inategemea jinsi chombo kilivyoundwa kuliko ustadi wako. Kama kutoka bomba hadi baharini ni mstari ulionyooka, na koki ni ya aina inayofunguka tundu zima, ufito utapita. Kama kuna kiwiko hata kimoja, utasukuma uchafu kwenye kona na kuukandamiza hapo.

Kifaa kisiwe waya wa chuma. Mwanzi mwembamba uliolainishwa, au ufito wa mkandaa uliokwanguliwa magome, hauchubui koki wala kutoboa bomba. Kwa vitundu vidogo vya mashine za kutundika nyuma, kile kitundu kinachorusha maji kuonyesha kwamba pampu inafanya kazi, hakuna kinachoshinda chelewa ya ufagio.

Tatizo ni kwamba ukichokoa chini ya mstari wa maji, unachokoa huku bahari inaingia. Kizuizi kikitoka, lita 20 na zaidi kwa dakika zitakuja kifuani mwako. Si nyingi za kuzamisha chombo ikiwa umejiandaa, ila mtu asiyezitegemea hupoteza akili, na ngama, yaani sakafu ya chini kabisa ya chombo, hujaa wakati anatafuta kitu cha kuzibia. Kila koki chomboni iwe na kizibo chake cha mbao laini, chenye ncha, kimefungwa kwa kamba pale pale ilipo. Na wawe watu wawili, mmoja na ufito, mwingine mkono wake juu ya koki.

Kuna boti zilizobuniwa vizuri zaidi: chujio lao ni refu, limesimama juu ya tundu moja kwa moja, na kifuniko chake kiko juu ya mstari wa maji. Hapo unafungua kifuniko ukiwa umetulia, unaona maji yamesimama ndani, unashusha ufito hadi baharini na hakuna tone linalomwagika. Mwenye chujio la namna hiyo achokoe kwanza, asahau niliyosema juu ya pampu.

Uchafu nao una tabia zake. Nyasi za baharini, zile kusi linazong'oa na kuzikusanya kwa mafungu, zikichokolewa hushikamana kama kizibo cha kibuyu, zipulize. Konyeza, yule mnyama wa baharini laini anayewasha, akinyonywa hugeuka utelezi uliotapakaa mpaka kwenye chujio. Puliza, kisha osha chujio, na usijiguse macho kabla hujanawa mikono. Chaza na vigamba ndani ya koki, hao ndio wa kuchokoa, ila kwa muda tu, mpaka upweleze.

Kuzama

Kwenye maji yaliyotulia na meupe, kuzama kunashinda yote kwa jambo moja: unaona. Unalishika tundu kwa kidole, unaona kiroba kimejikunja wapi, unaona na panka inayosukuma chombo imevishwa kamba ya wavu, unamaliza vyote kwa pumzi chache. Ndani ya ghuba ya Mikindani, maji yakiwa yamejaa na kusimama kabla ya kuanza kupwa, ningezama bila wasiwasi.

Lakini mara ngapi tundu huziba wakati huo? Huziba ukiwa safarini, kwenye mkondo, kwenye wimbi, kwa sababu huko ndiko injini inanyonya kwa nguvu na uchafu unatembea. Kitako cha chombo kikipanda na kushuka hata nusu mita, kinampiga kichwani aliye chini yake. Katika ghuba ya Lindi msimu wa mvua, karibu na mto Lukuledi unapomwaga tope lake, utapapasa tu, huoni hata mkono wako. Na kwenye mlango wa Ruvuma usizame kabisa, kwa sababu yoyote ile. Mto ule una mamba na viboko.

Ukiamua kuzama, ufunguo wa injini utoke kwenye swichi ukae na mzamiaji mwenyewe. Kamba ndefu ifungwe nyuma ya chombo ielee na mkondo, ili anayechukuliwa awe na cha kushika. Hilo kijana wetu hakuwekewa, na mwenye kosa nilikuwa mimi niliyekuwa nahodha.

Kupweleza

Wazee wa majahazi hawakuzama kusafisha chombo. Walikipweleza: walikipandisha kwenye mchanga maji yakiwa yamejaa, wakakiegemeza kwa magadi, yaani miti ya kukishikilia ubavuni, maji yakapwa, wakakwangua, wakapaka deheni, maji yakarudi, wakaondoka. Pwani hii imejaliwa jambo hilo. Siku za bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, na maji hupwa kabisa karibu na saa nne au saa tano asubuhi, wakati wa mwanga mzuri wa kazi. Una saa tatu hivi chombo kikiwa kikavu.

Kwa chaza, hakuna njia nyingine yenye maana. Unalitazama tundu uso kwa uso, unakwangua ndani na nje, unakagua koki kama inafunga kweli, unabadilisha ile klipu uliyoiogopa mwaka mzima. Linganisha na mzamiaji anayekwangua kwa pumzi moja moja: atatoa vigamba vya nje, vya ndani ya koki vitabaki.

Ila si kila chombo kinakubali. Chenye mkuku (uti wa chini wa chombo) mpana au mikuku miwili kitakaa vizuri. Chenye mkuku mwembamba mrefu wa kisasa kinahitaji magadi madhubuti na mtu anayejua, ama sivyo kitaanguka ubavu. Chagua mchanga mgumu usio na mawe, uutembelee kwa miguu bamvua iliyotangulia. Halafu kuna jambo dogo ambalo wengi hulisahau: kama chombo kitalala upande, kilaze upande usio na tundu. Nimewahi kulalia upande wa tundu, maji yakarudi, nikafungua koki, nikapata mchanga laini ndani ya chujio. Mchanga ule ungeifuta impela kama msasa. Tangu hapo, baada ya kupweleza, kipimo cha ndoo hakikosi, na injini haiguswi mpaka chombo kiwe kinaelea huru.

Kiroba kimoja, njia nne

Tuseme ni kiroba kilichonasa nje. Kupuliza: dakika tano, mtu mmoja, hatari ndogo. Kuchokoa: huenda ukakitoboa tu kikabaki kimening'inia. Kuzama: dakika mbili kwenye maji matulivu, hatari kubwa kwenye mkondo. Kupweleza: ni kungoja siku nyingi kwa kazi ya dakika tano. Hapa puliza, wala usifikiri sana. Na usidhani viroba vimekwisha. Mifuko ya kubebea ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini vifungashio na mabaki ya nyavu bado vinaelea.

Tuseme sasa ni chaza ndani ya koki, mvua zimekwisha, chombo kimekaa miezi mitatu bila kusafiri. Mpangilio unapinduka wote. Kupuliza ni kupoteza muda, kuchokoa ni kusogeza siku mbele, kuzama ni nusu ya kazi, kupweleza ndiyo kazi yenyewe. Siki nayo husaidia ikiachwa usiku kucha kwenye bomba lililofungwa pande zote, kwa magamba membamba ya chumvi na chokaa. Tindikali kali usiiweke kwenye injini yenye vipande vya alumini, na usiichanganye na dawa ya kusafishia yenye klorini. Mvuke wake ni sumu.

Na kama zote nne zimekushinda na upepo umekufa kabisa? Tundu linaloingiza maji ya bahari chooni mara nyingi lina ukubwa ule ule. Chomoa bomba lake, lilete kwenye chujio la injini, usafiri kwa mwendo wa chini mpaka bandarini. Au chovya bomba la chujio kwenye ndoo na mwenzako aendelee kuijaza. Inachosha, lakini inafikisha.

Kichungio cha nje: kiwepo au kisiwepo?

Swali hili naulizwa kuliko yote, na majibu ya mafundi yanapingana. Kichungio kilichofungwa nje ya tundu huzuia viroba na samaki wadogo wasiingie. Lakini kinapoziba, kimekunyang'anya njia ya ufito, na kupuliza peke yake hakutoshi kikiwa kimeota vigamba. Rangi ya chini ya chombo nayo, koti baada ya koti, huziba vijitundu vyake kidogo kidogo bila mtu kutambua. Tundu lililo wazi hukubali uchafu uingie, ila uchafu huo unafika kwenye chujio, mahali unapoufikia kwa mkono.

Kwa chombo kinachofungwa gatini na kusafiri mara moja kwa mwezi, kichungio kina faida zake, mradi kifungwe kwa bawaba ili mzamiaji akifungue. Kwa chombo kinachotembea kati ya Msangamkuu, Mikindani na Lindi misimu yote, mimi nimekitoa. Nikaweka chujio lenye ukubwa mara mbili ya lile la zamani, kifuniko chake cha kuonea ndani, juu ya mstari wa maji, na mwanzi wa urefu wa mita moja umefungwa pembeni yake kwa kamba mbili.